Jikoni kwa Bibi Felista

Simu ya Ambwene ilinikuta nachambua mchele, na kwa jinsi alivyosema "Mama" halafu akanyamaza, nikajua kuna mtu amekufa. "Bibi Felista ametutoka," alisema. "Mazishi keshokutwa, Msanzi. Kesho nakupitia alfajiri." Sikuuliza kama amepewa ruhusa kazini wala kama gari ni zima. Kesho yake tulitoka Mbeya kabla jua halijachomoza, mwanangu akiendesha, mkewe pembeni yake, mimi nyuma na mjukuu wangu Tuntufye wa miaka mitatu, ambaye alilala mpaka tukapita Mpui. Njia nzima nilikuwa namtazama Ambwene kisogo. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, bwana shamba, anayelipwa mshahara kwa kuongea na wakulima kutwa nzima, na wenzake wanamtania kwamba akishika kipaza sauti hakirudi. Nikisikia utani huo najivuna, sitaficha, kwa sababu kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao ningetoa chochote nilichokuwa nacho ili nisikie mtoto huyu akisema maneno mawili yaliyofuatana.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimepangiwa kufundisha Msanzi. Nilifika Januari, barabara ikiwa tope tupu, nikiwa na godoro, jiko la mafuta ya taa, sanduku la vitabu, na Ambwene wa miaka mitatu na nusu ambaye alikuwa hasemi. Alijua kusema "maji" na alijua kusema "hapana", basi. Hospitalini walimpima masikio wakaniambia anasikia vizuri kuliko mimi. Baba yake alibaki Mbeya kwenye karakana ya magari, na mwezi wa pili akaniandikia barua fupi. Tumngoje mpaka Desemba, alisema. Ikifika Desemba kama bado hasemi, dada yake, Wifi Atu, atakuja kumchukua ampeleke shule ya bweni ya watoto wasiosema, mbali sana, ambako tungemwona wakati wa likizo tu. Nilisoma barua ile nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Na mwalimu wa watoto nilikuwa mimi. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya darasa la kwanza na watoto wa watu wanaitikia kwa pamoja mpaka bati linatetemeka, na jioni wa kwangu ananitazama tu.

Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya Bibi Felista, mjane wa Kifipa aliyekuwa anaishi na mjukuu wake Yustina wa miaka sita. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja na ukuta mweupe, na ukuta ule niliujaza picha: ng'ombe, kikombe, mpira, jua, kiatu. Kila jioni nilimkalisha Ambwene kitandani, nikachukua fimbo ya ubaoni, nikaanza. Hii ni nini? Sema, kikombe. Tazama mdomo wangu, ki-ko-mbe. Akijaribu nilikuwa nimemwekea biskuti, na biskuti zile ziliota ukungu kwenye kopo lake. Mwanzoni alikuwa anaangalia mdomo wangu, baadaye akawa anaangalia fimbo, baadaye akawa anaangalia dirisha. Jioni moja nilirudi nikakuta picha zote alizozifikia zimegeuzwa, mgongo nje. Nilimfokea, na nikijikumbuka vile nilivyomfokea mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ya picha ya ng'ombe naona haya mpaka leo. Wiki hiyohiyo nilikwenda jikoni kwa Bibi Felista na kumwambia kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Naomba mtoto msimchanganye. Ongeeni naye Kiswahili tu, ndiyo lugha atakayosomea." Alikuwa anapuliza moto. "Marahaba. Haya, mwalimu," akajibu. Hakunitii hata siku moja, na namshukuru Mungu kwa ukaidi wake.

Jiko lile lilikuwa kibanda cha pekee nyuma ya nyumba, cha udongo na nyasi, jeusi kwa moshi wa miaka. Mafiga matatu katikati, jiwe la kusagia ulezi kando, mkeka karibu na mlango, na juu ya moto, kwenye fito, vinaning'inia vibuyu vya mbegu, vimezibwa kwa majivu na udongo ili moshi uvilinde na wadudu. Nilipokuwa shuleni Ambwene alikuwa akishinda humo. Nikirudi saa nane nilimkuta amejaa masizi, na nilimchukua moja kwa moja kumwogesha, kama mtu anayechukua mzigo wake stoo. Sikuwahi kukaa. Kama ningekaa ningesikia kwamba Bibi Felista alikuwa anaongea kutwa nzima. Aliongea na moto ukisinzia, akawaongelesha kuku, akailaumu sufuria kwa kuchelewa kuchemka, akasema kila anachokifanya huku anakifanya: sasa natwanga, sasa napepeta, Yustina leta ule ungo, huu unavuja. Hakumuuliza Ambwene chochote. Akitaka kijiko alinyoosha mkono na kukitaja, na aliye karibu ndiye aliyempa. Ugali wa ulezi ukiiva wote watatu walikula sahani moja, na mtoto alijua upande wake na upande wa bibi kwenye bakuli la maharage, na alijua kwamba dagaa wa Kasanga huanza kugawiwa kwa mkubwa.

Mwezi wa tatu wakaanza kwenda shamba. Wafipa wana kilimo chao ambacho sikuwa nimekiona kwetu. Mvua ikiwa bado ipo wanakata nyasi, wanazikusanya na kuzifunika kwa udongo kuwa matuta ya mviringo wanayoyaita intumba, nyasi zinaozea ndani, na juu ya tuta wanapanda maharage. Tuta hilo linakaa mpaka mvua za mwisho wa mwaka, ndipo linasambazwa na ulezi unamwagwa juu ya udongo ule mweusi. Siku moja ya Jumamosi nilipita shambani nikamkuta mwanangu ameshika jembe. Lilikuwa jembe la zamani, limelika mpaka likabaki saizi ya kiganja, na mpini wake umekatwa ukamfikia kifuani. Alikuwa amejenga tuta lake, nyasi zote zimechomoza nje kama nywele. Yustina akaja, akalitazama, akalivunja kwa mguu bila kusema lolote, akaondoka. Ambwene hakulia. Akazikusanya nyasi upya na safari hii akaziweka chini kwanza. "Bibi, atajikata!" nilisema. Bibi Felista hakuinua kichwa. "Jembe ni lake," akasema. "Hajikati na chake."

Basi miezi ikaenda, barua za Mbeya zikaja, na mimi nikazidisha picha. Mwezi wa sita maharage yalikuwa yamevunwa. Siku moja mwalimu mkuu alituruhusu mapema kwa sababu ya kikao cha wazazi, nikarudi nyumbani kabla ya wakati wangu. Nilipita nyuma ya jiko kutafuta ndoo, na nikasikia ndani sauti ya mtoto nisiyemjua. Ilikuwa nzito kidogo, ya mtu mwenye uhakika, na ilikuwa inaongea Kifipa. Nikadhani ni mtoto wa jirani. Sauti ilisema jambo, Yustina akabisha, sauti ikarudia kwa ukali zaidi, na Bibi Felista akacheka kile kicheko chake cha puani. Nilichungulia. Mkekani palikuwa na ungo wa maharage na marundo matatu. Aliyekuwa anaongea alikuwa Ambwene. Ameshika harage moja kati ya vidole viwili, analionyesha tundu, na anamwambia Yustina, kama nilivyokuja kufahamishwa baadaye, kwamba hili ni la kuku, usiliweke kwenye la mbegu, mbona huoni.

Nilifanya kosa ambalo mwalimu pekee angelifanya. Nikaruka ndani nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mabega. "Umesema nini? Ambwene, sema tena! Mwambie mama, sema tena!" Alinitazama, akalitazama harage, akalitupa kwa kuku, akafunga mdomo. Nikamgeukia Bibi Felista, na machozi yalikuwa yameshanitoka, sijui ya furaha au ya hasira.

"Ameanza lini?"

"Maharage yalipokuwa yanatoa maua," alisema.

"Miezi yote hiyo! Mbona hamkuniambia?"

Alishangaa kweli, hakuwa ananitania. "Tulidhani unajua. Si wewe mama yake?"

Neno lile lilinipiga. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu na sketi yangu ya shuleni. Bibi Felista aliendelea kuchambua, akasema, safari hii kwa upole zaidi, "Mwalimu, wewe kila ukifungua mdomo unamtahini. Hata mimi ungenitahini hivyo kutwa kucha ningenyamaza. Shika huu ungo." Akanisogezea. Nikaushika. Nilikuwa na cheti cha ualimu kwenye sanduku na sikujua kutofautisha harage la kupika na harage la mbegu, na mtoto wangu alikuwa ananitazama mikono kwa mashaka makubwa.

Jioni hiyo nilibandua picha zote. Nilikwenda nazo jikoni na Bibi Felista akazitumia kuwashia moto, na ukuta wangu ukabaki na vidoa vya gundi. Kuanzia hapo nikirudi shuleni nilivaa khanga na kukaa mkekani. Mikono yangu haikuzoea. Ulezi ulipovunwa nikajifunza kuupepeta, ukawa unamwagika zaidi ya unaobaki, na Yustina alikuwa ananifuata nyuma na kifagio huku anacheka. Niliona sasa yale yaliyokuwa yakifanyika mbele yangu siku zote. Mtoto alikuwa anajua kuhesabu, kwa sababu ndiye aliyekuwa analeta mahindi ya kuchoma, moja kwa kila mtu. Alijua kubwa na dogo kwa mifuniko ya sufuria. Alijua jana na kesho kwa ulezi ulioloweshwa na ulioanikwa. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha, walikuwa wanaishi tu, na yeye alikuwa anaishi nao. Siku ya nane au ya tisa nilikuwa nimekaa upande ambao moshi unapita, nakohoa, macho yananitoka machozi, na kando yangu ikasemwa kwa Kiswahili safi, bila kunitazama: "Mama, sogea huku." Nikasogea. Sikusema kitu, sikumkumbatia, sikumwomba arudie. Nililia kimya na nikausingizia moshi, na Bibi Felista akanisaidia kuulaumu.

Nikamwandikia baba yake. Akanijibu: Kifipa? Nani aliyemsikia, huyo bibi mwenye nyumba? Mlipokuja likizo ya mwezi wa saba huku Mbeya, mtoto mbele yangu hakunyanyua ulimi. Kweli ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa wiki mbili kwa ndugu, kila aliyeingia mlangoni akimshika kidevu, sema basi, sema shikamoo, na Ambwene akawa jiwe. Nilirudi Msanzi nikijua kwamba anasema mahali pamoja tu duniani, na kwamba Desemba watakuja kumtoa hapo hapo. Usingizi wangu uliharibika. Bibi Felista nilimweleza mambo yote, barua, shule ya bweni, wifi. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mvua zikianza tutasambaza matuta," na mimi nikamkasirikia moyoni kwamba hakunielewa.

Wifi Atu alifika wiki ya pili ya Desemba, mchana, kwa lori la mizigo kutoka Sumbawanga, amevaa viatu vyeupe. Si mtu mbaya, naomba nisieleweke vibaya. Alikuwa na roho nzuri na alimpenda mtoto wa kaka yake, na alikuwa amemshonea sare tayari. Alimkalisha Ambwene miguuni pake. "Shangazi yako nimetoka mbali. Haya, shikamoo shangazi." Kimya. "Unaitwa nani?" Kimya. "Hiki ni nini?" Alimwonyesha pipi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijiona mwenyewe, fimbo mkononi, miezi sita nyuma. Alijaribu kwa nusu saa nzima. Kisha akanitazama kwa huruma, akafungua begi lake, na kuanza kupanga nguo ndogo za Ambwene juu ya ile sare. "Wifi yangu, tusijidanganye," alisema. "Lori linarudi kesho saa nne." Nilimwambia anasema, wifi, nakuapia anasema, jikoni anasema. Akanishika mkono kama mtu anayemfariji mfiwa. Sikumchukia ila niliumia sana.

Asubuhi nilichelewa kuamka kwa sababu nilikuwa nimelala mapambazuko. Wifi Atu alikuwa ameamka kabla ya wote. Kwa heshima yake alitaka kuwapikia uji wenyeji wake, kuwashukuru kwa malazi, akaingia jikoni peke yake, akatafuta ulezi wa kusaga. Akaona kibuyu juu ya moto, akakitingisha, kikalia. Alikuwa amekwisha kukitungua na kubandua kile kizibo cha majivu, na ungo uko chini tayari, nilipofika uani nikifunga khanga. Bibi Felista naye alikuwa uani, ameshika jembe, ametulia tuli. Nilitaka kupiga kelele kwamba hiyo ni mbegu, ni shamba zima la mwaka ule, kwa sababu wiki hiyo ndiyo matuta yalikuwa yanasambazwa na hakuwa na nyingine. Bibi akaniwekea mkono kifuani. Ndani ya jiko Ambwene, aliyekuwa ameingia kabla yetu, alikuwa amesimama kati ya shangazi yake na ungo, na anafoka. Kwa Kifipa, maneno mengi, bila kupumua. Wifi Atu ameduwaa na kibuyu chake. Mtoto akaona hasikilizwi. Akamwangalia shangazi yake na viatu vyake vyeupe, akaelewa tatizo ni nini, akaanza upya, polepole, kwa Kiswahili.

"Shangazi, hiyo ya shamba. Usimwage. Bibi atakosa ya kupanda. Ya uji ile pale mlangoni."

Halafu, kwa kuwa mtu mzima yule bado alikuwa hasogei, akamnyooshea mikono yote miwili. "Nipe."

Akapewa. Bibi Felista aliniachia kifua. Sitasahau uso wake, wala sitasahau kwamba alikuwa tayari kuhatarisha mbegu zake zote pale kwa sababu ya mwanangu. Wifi Atu alikaa juu ya jiwe la kusagia, akacheka, akalia, akacheka. Saa nne lori lilipopiga honi alipanda na begi ambalo nguo ndogo zilikuwa zimetolewa, na akatutolea kichwa dirishani. "Nitamwambia kaka nimegombezwa!" alisema kwa sauti. "Kwa lugha mbili!" Wiki hiyohiyo tulisambaza matuta, mimi na jembe la kuazima, na Ambwene akamwaga ulezi kwenye kipande chake, kule kwenye lile tuta alilolijenga mwenyewe.

Nimefundisha madarasa ya mwanzo kuanzia hapo, na mwakani nastaafu. Kila darasa nililopewa nimelipelekea ungo, maharage, vifuniko vya sufuria na majembe yaliyolika. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa kejeli kama nafundisha au napika, nikamjibu vyote viwili, mheshimiwa, akaandika anachotaka. Wanafunzi wangu wamekuwa wauguzi, madereva, mapadri. Sikuvumbua kitu. Nilikalishwa chini jikoni na mwanamke asiyejua kusoma, nikafundishwa kunyamaza. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko cheti.

Msanzi tulikuta uwanja umejaa. Yustina, ambaye sasa ana watoto wakubwa, alinipokea kwa kilio na kuniongoza jikoni, kwa sababu alijua nitataka kukaa humo. Kibanda kimejengwa upya kwa matofali ila mafiga ni yaleyale, na vibuyu viko juu. Akina mama walikuwa wanachambua maharage ya chakula cha msiba. Nikapewa ungo bila kuuliza. Tuntufye akaja kujibana kwenye goti langu, na mama yake akainama, kwa wema wote wa mama kijana ambaye mtoto wake ni mgeni mahali, akaanza, "Haya, mwambie bibi, hii rangi gani? Tuntu, mwambie bibi." Mtoto akageuza uso. Nikamgusa mkwe wangu mkono. "Mwache, mwanangu," nilisema. "Kaa na wewe uchambue." Alikaa. Nikaendelea na kazi yangu, macho yangu si yale tena, na baada ya muda kidole kidogo kikaingia kwenye ungo, kikachukua harage moja nililokuwa nimelipitisha, kikaligeuza, kikalipata tundu, na Tuntufye akasimama akaenda kulitupa nje kwa kuku. Huko nje sauti ya baba yake ilikuwa imeshika uwanja, kwa Kifipa, anamuaga bibi yake. Maneno mengi sikuyaelewa. Tuntufye akarudi, akakaa, akanyoosha mkono apewe mengine, nami nikampa.